Mimi Nilijipa Kumi, Mume Wangu Akanipa Thelathini na Nne

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu utakuchosha, kwa sababu sijawahi kuandikia gazeti tangu nizaliwe na sijui watu huanzia wapi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja wa kike wa miaka minane, na kazi yangu ni fundi wa meno ya bandia, yaani daktari wa meno akishampima mgonjwa kinywa, kipimo huletwa kwetu karakana, sisi tunamimina plasta tunapata umbo la taya, kisha tunachonga meno kwa nta mpaka yakae kama yale yaliyomwota mwenyewe. Kazi hii nina miaka kumi na sita nayo na nisikufiche, naiweza, kuna watu wanakula mahindi ya kuchoma huko mitaani kwa mikono yangu hii na hawanijui.

Haya yote yalianza na mwenzetu mmoja, fundi wa plasta, aliyeanguka mezani kwake saa nne asubuhi, na alipozinduka hospitali hakumuulizia mkewe wala hakuomba maji, aliuliza kama plasta yake imekauka, ndipo mwenye karakana, ambaye sisi tunamwita Bwana Tabasamu kwa sababu ya biashara yake na si kwa sababu anacheka, akaingiwa na hofu akamleta mwanasaikolojia. Akaja mama mmoja mpole, mwembamba, na faili kwapani, akatugawia kila mtu karatasi ya maswali, yeye aliita dodoso, akasema hii inasaidia kutambua kama mtu amekuwa mraibu wa kazi kama vile mwingine alivyo mraibu wa pombe. Maswali saba tu. Je, unawaza namna ya kupata muda zaidi wa kazi? Je, unafanya kazi ili usihisi hatia au huzuni? Je, watu wamekuomba upunguze ukawapuuza? Ukinyimwa kazi, unakosa raha? Hivyo hivyo mpaka saba, na kila swali unachagua kuanzia kamwe, ambayo ni alama moja, mpaka kila mara, ambayo ni tano. Alisema ukijikuta umejibu mara nyingi au kila mara kwenye maswali manne au zaidi, hiyo ni dalili, njoo tuzungumze.

Mshauri, mimi nilijibu kwa moyo safi. Niliijaza pale pale mezani, nta ikipoa, na nilipojumlisha nikapata kumi. Kumi kati ya thelathini na tano! Bwana Tabasamu akanipiga begani akasema, "Unaona? Mtu anayeipenda kazi yake haugui," na mimi nikajisikia kama mwanafunzi aliyefaulu. Lakini yule mama akanipa karatasi nyingine mbili tupu, akaniambia, "Dada, mpe mtu unayeishi naye ajibu kuhusu wewe. Usimkalie karibu."

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu wa taratibu, hapandishi sauti hata mwanafunzi akipanda ukingo wa barabara. Alijaza akiwa kibarazani, akairudisha imekunjwa. Thelathini na nne. Nikacheka, nikamwambia wewe umekosea, umesoma orodha kichwa chini miguu juu. Hakucheka. Mtoto naye alikuwa ameshachukua ile karatasi ya pili na penseli yake, visanduku vyote ameviacha vitupu, chini kabisa ameandika kwa herufi zake kubwa: NIKIMWITA MAMA HAITIKI. NIKIGONGA MEZA MARA MBILI ANASEMA LETE INAYOFUATA.

Nikueleze kwamba karakana kwetu, anayekuletea kazi mpya huigonga meza yako mara mbili ili usishtuke kisu kikakukata, na ukiwa umemaliza unamwambia alete. Hiyo ni ya karakana. Nyumbani kwangu hakuna anayeijua. Nikamgombeza mtoto kwa kusema uongo, nikawa bado nasema, na mume wangu akanyoosha mkono akagonga meza ya chakula, ko, ko, nami nikasikia sauti ya mwanamke inasema, "Lete inayofuata," sauti kavu, ya mtu aliye mbali, na mshauri, niligeuka kutazama nani ameingia.

Hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa ananitazama mimi mdomoni.

Nikaomba likizo ya siku tatu. Siku ya kwanza nilifua mapazia, nikasugua masufuria mpaka yakaniumiza macho, mikono inatetemeka kama ya mgonjwa wa homa na jasho linanitoka kwapani. Siku ya pili nakumbuka niliweka maji ya chai jikoni baada ya mtoto kwenda shule. Ninachokumbuka baada ya hapo ni fundi mwenzangu wa meza ya jirani akiniambia, "Dada, pumzika basi kidogo, chai imefika," na mimi nimekaa mezani kwangu karakana, nimevaa dera la nyumbani na malapa, kitambaa cha kulalia kichwani, na mbele yangu kuna seti nzima ya meno ya juu imekamilika, safi, haina kasoro hata ya unywele. Nikamuuliza nimekuja saa ngapi. Akasema, "Saa mbili mbili hivi. Ulikuwa unafanya vizuri, hatukutaka kukusumbua." Saa tano ile! Watu wanne wamenizunguka saa tatu nzima na hakuna aliyeona kwamba sipo. Bwana Tabasamu alipoiona ile seti akasema likizo yangu inazaa kuliko kazi za wenzangu. Nilikimbia nyumbani. Birika lilikuwa limeungua limekuwa jeusi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumapili moja walitujia wageni, mchana, mume wangu akafungua droo ya kabati la sebuleni kutafuta kitambaa cha meza, akainama pale, akaniita, sauti yake imebadilika. Nyuma ya vitambaa kulikuwa na meno. Seti kumi na moja, mshauri, zimechongwa kwa sabuni ya kufulia na mishumaa, zimepangwa safu kama watu wanaopiga picha, tisa kati yake zina kijikaratasi chenye namba ya oda kwa mwandiko wangu. Na mimi miezi miwili mizima nilikuwa namgombeza mtoto kwamba anachezea sabuni inakwisha kabla ya wakati. Mikono ni yangu, nikiiona kazi yangu naijua, hakuna fundi mwingine anayeikata chonge namna ile. Lakini kuchonga sikumbuki, hata moja.

Seti mbili hazikuwa na namba. Ya kwanza nilipoigeuza nikaketi sakafuni, ilikuwa kinywa cha marehemu mama yangu, na yale meno yake mawili ya mbele yaliyopishana kama watu waliogombana. Mama alikaa na mapengo miaka miwili akinisubiri, kila akiuliza namwambia subiri mama, wagonjwa wa watu kwanza, wewe ni wa nyumbani, na akafa akisubiri, na siku ya msiba nilirudi karakana jioni kwa sababu kulikuwa na kazi ya watu.

Ya pili ilikuwa ndogo. Ina pengo la mbele juu, na gego moja limepasuka ukingo. Mtoto akasogea akaitazama akasema kawaida tu, kama anataja daftari lake, "Hayo yangu." Baba yake akamuuliza umejuaje. "Si mama alinipima? Jumapili ile baba ulikuwa nje unaosha gari. Alinishika kidevu akasema fungua. Akanitia nta ya uvuguvugu. Nikasema inaniunguza mama, akasema tulia, mgonjwa."

Wageni waliondoka bila kula. Mume wangu aliwasindikiza mpaka mlangoni, kisha akaniambia, "Mke wangu, mimi kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni na mguu juu ya breki. Nimeikanyaga. Nimeikanyaga tena. Gari hili halisimami, na ndani yumo mtoto." Akatia nguo zao kwenye mkoba mmoja wakaenda kwa dada yake, wifi yangu. Wiki mbili sasa. Na nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu: walipofunga mlango, kabla sijalia, nilifurahi kwamba meza ya sebuleni imebaki tupu.

Jirani yangu wa nyumbani ananiambia nimechezewa kichawi. Bwana Tabasamu ananiambia nimefaulu mtihani, karatasi ipo, ina kumi. Mume wangu anasema thelathini na nne. Mshauri, karatasi ipi ni ya kweli? Na kama mimi sikudanganya, na naapa sikudanganya, basi nani aliyekuwa anajibu?

Ni mimi, fundi wa meno.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Kaa kitako, kwa sababu nitaanza na jambo litakalokutisha, na siwezi kulipamba.

Unasema hujawahi kuandikia gazeti. Mimi mezani kwangu nina barua zako tatu. Mwandiko ni mmoja, "g" yako ina mkia unaojikunja kushoto, bahasha zote ni za kaki za aina moja. Ya kwanza ilifika wiki tano zilizopita, mistari minane tu, unauliza kama dodoso linaweza kukosea. Niliiweka na zile za kujibiwa zikipata nafasi, na kwa hilo naomba radhi. Ya pili ilifika siku kumi zilizopita. Imeandikwa nyuma ya fomu ya oda ya karakana. Ndani yake umenipa namba ya simu ya wifi yako, ukaandika hivi, nanukuu: "Nikikuandikia tena nikasema sijui kitu, usiniamini, mpigie huyu." Ya tatu ndiyo hii, haijui habari za wenzake.

Nilipoziweka pamoja nilisimama nikafungua dirisha. Miaka ishirini na mbili ya kazi hii nimeletewa wanaume wenye nyumba tatu na wanawake wenye siri za kuzimu, lakini hili lilinitia ubaridi. Kwa hiyo usidhani nakuchukulia kwa wepesi nikianza kukugombeza. Nakugombeza kwa sababu nakuogopea.

Umeuliza karatasi ipi ni ya kweli. Zote mbili. Yako imepima unachokiona wewe. Ya mumeo imepima anachokiona anayeishi na wewe. Dodoso si kipimo cha damu. Halina namna ya kuingia ndani likatazama. Linamuuliza mtu, na likiulizwa jicho kuhusu jicho litakujibu halioni kitu. Hukudanganya. Waraibu wengi hawadanganyi. Umeulizwa kama watu walikuomba upunguze ukawapuuza, bila shaka ukajibu kamwe, kwa sababu hukumbuki kuombwa. Hukuwapo walipokuomba! Ndiyo maana yule mama mwembamba, ambaye namvulia kilemba, alikupa karatasi mbili za ziada. Alishakuona. Hata karatasi ya kupima kama kazi imekumeza, mwanangu, uliijaza ukiwa kazini, nta ikipoa.

Na huyo Bwana Tabasamu wako akome kuligeuza dodoso kuwa cheti. Alama ndogo si kufaulu, na alama kubwa si hukumu. Dodoso ni mtu anayebisha hodi: linakuambia hapa pana jambo, mwite daktari aingie. Tena msichanganye mambo. Kuna mtu anayefanya kazi tangu alfajiri mpaka magharibi kwa sababu watoto wanataka kula, mpe likizo uone, atalala kama gogo. Huyo si mraibu, huyo amechoka. Kuna mwingine anaipenda kazi yake, anaizungumza mezani, lakini akiitwa anaitika. Huyo naye mwacheni. Mraibu ni yule ambaye akinyimwa kazi anatoka jasho, na akipewa anasahau birika jikoni. Hakuna aliyekuhesabia saa. Wewe mwenyewe umenielezea mikono inayotetemeka.

Kuhusu jirani na maneno yake ya kuchezewa: mshukuru, mpe kiti, badilisheni mazungumzo.

Sasa nikuambie pale ulipoandika upesi ukapita, mimi nikarudi nikasoma mara ya pili. Swali la kufanya kazi ili usihisi hatia wala huzuni. Ulijibu nini? Kwa hesabu ya kumi, huenda ni kamwe, au ukijitahidi sana ni mara chache. Mwanamke aliyetoka msibani kwa mama yake akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kazi! Mama yako alikusubiri miaka miwili, na mikono yako imemtengenezea meno yake mahali ambapo wewe hukuweza kukaa ukamlilia. Sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa la mtoto. Mtoto amekuambia inaniunguza, ukamwita mgonjwa. Hujui kama ulifanya, sawa, lakini yeye anajua, na amelibeba wiki hizi zote akidhani ni mchezo. Mumeo hakukuacha. Ameondoa kilicho hatarini, na kama asingefanya hivyo barua yangu hii ningemwandikia yeye, kwa maneno makali zaidi.

Sikiliza sasa utakavyofanya, na usiniletee "lakini".

Leo hii, mpe fundi wa meza ya jirani ufunguo wako wa karakana, na umwambie kwa mdomo wako: ukiniona hapa, hata nikifanya vizuri namna gani, nishike mkono unirudishe. Watu wanne walikuona huna viatu vya kutokea wakasifu kazi. Wape ruhusa ya kukusumbua, maana wanaikosa.

Usikae peke yako nyumbani. Kama una dada, shangazi, rafiki wa shule, aje alale kwako mpaka Jumamosi. Mwambie sababu, yote, na sabuni pia.

Jumamosi uende hospitali, na hapo sizungumzii maongezi ya kupoozana. Mtu anayetembea, anayechonga, anayeandika barua na kuitia sanduku la posta bila kukumbuka, huo si uraibu wa kazi peke yake na hakuna dodoso la maswali saba linaloupima. Huenda ni usingizi ulionyimwa haki yake, huenda ni msiba uliokaliwa juu, huenda ni maradhi ya ubongo yenye dawa yake. Atakayejua ni daktari, si mimi na si jirani. Mpelekee barua hizi, nakurudishia zote tatu kwa posta. Mpelekee na ile droo kama ilivyo, usitupe hata kipande.

Baada ya daktari, rudi kwa yule mama wa dodoso. Mwombe ulijaze upya, safari hii mumeo akiwa pembeni yako, na kila jibu mliandikie mfano: siku gani, mlikuwa wapi, nani aliita, nani hakuitika. Mtabishana. Bishaneni. Mahali mnapotofautiana ndipo penye ugonjwa.

Wala usimwombe mumeo arudi. Wewe ndiye uliyeondoka kwanza, basi wewe ndiye wa kurudi.

Nimempigia wifi yako kama ulivyotaka. Mumeo amekubali, atakusubiri getini kwa dada yake Jumamosi saa tatu asubuhi muende hospitali pamoja, na amesema atakuja kwa miguu kukuchukua kama huwezi kutoka peke yako. Nilikuwa nataka kukata simu, mtoto akaiomba. Nikamwambia mama anakuja Jumamosi. Hakushangilia. Aliniuliza kwa adabu, kama mtoto anayeuliza habari za mgeni, "Atakaa mpaka saa ngapi?"

Binti yangu, hilo si langu kulijibu. Nilimwambia, mama atakujibu mwenyewe.